Bosi kanunua diski nne na anataka zote ziingie kwenye seva

Shikamoo Mzee wa Safu,

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa mizigo hapa Kirumba, Mwanza. Nasema karani kwa kuwa ndivyo mkataba unavyosema, ila printa ikigoma naitwa mimi, intaneti ikikata naitwa mimi, na tangu mwaka jana nimekuwa "mtu wa seva". Diploma ya kompyuta ninayo, lakini seva ya barua pepe nimejifunzia kazini, kwa kuungua vidole.

Tuko watu 14. Kazi yetu ni nyaraka: minofu ya sangara inayokwenda nje, mabondo, na bidhaa za madukani zinazopanda meli ya Bukoba. Kila hati inapita kwenye barua pepe. Mkurugenzi hataki kusikia habari ya kukodi huduma kwa watu wengine, anasema siri za wateja zikae anapoziona. Kwa hiyo tuna seva yetu wenyewe, Linux yenye Postfix (programu inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayowafungulia watu masanduku yao), kasha la mtumba lenye nafasi nne za diski, chini ya meza ya mapokezi.

Mwaka jana diski ilikufa, nayo ilikuwa moja tu. Asubuhi nilikuta inagonga, tk, tk, tk, kama mtu anayegonga dirisha kwa ukucha. Barua za miezi 19 zikaenda. Tulibaki kuwapigia wateja simu kwa aibu, tukiwaomba watutumie tena walichokwisha kututumia. Baada ya hapo nikaweka diski ya nje nyuma ya seva. Imechomekwa muda wote na kila usiku inanakili barua zote.

Sasa bosi katoa hela. Alikwenda mjini mwenyewe akarudi na diski nne mpya, terabaiti 2 kila moja, chapa moja, zimetoka katoni moja. Binamu yake ambaye ni fundi anasema tuziweke zote RAID 5, yaani namna ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, tupate terabaiti 6, yoyote ikifa tunaendelea na kazi, "na habari za bekapu mtazisahau". Nikijaribu kusoma mwenyewe nakutana na RAID 6, mara RAID 10, nachanganyikiwa. Kwa sasa barua zetu zote ni gigabaiti 180, na kwa mwezi zinaongezeka kama gigabaiti 4. UPS ipo, imezeeka.

Nizipange vipi diski hizi, na ndani yake nigawe vipi? Na kama binamu kakosea, namwambiaje bosi bila kugombanisha ndugu? Wamesema Jumamosi tunafunga.

Wako,
Karani wa Seva, Kirumba

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa barua za miezi 19. Ile sauti ya ukucha dirishani naijua, nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Nianze na jibu maana Jumamosi iko mlangoni. Ndani ya seva ziingie diski mbili tu. Ya tatu ikae kwenye droo. Ya nne iwe ya bekapu, na umwombe bosi ya tano. Sasa nikueleze sababu, ili nawe ukaweze kuzieleza.

Chukua kalamu. Tuseme barua tumezitengea terabaiti moja na nusu. Ukitoa 180 mlizonazo, zinabaki gigabaiti 1,320 za kujaza. Gawanya kwa 4: miezi 330, zaidi ya miaka 27. Hata wateja wakianza kuwatumia picha za kila boksi na ongezeko likawa mara tatu, bado mna miaka tisa, na diski zenyewe sitegemei zifike huko. Terabaiti 6 za binamu ni lori la tani kumi lililokodiwa kubeba ndoo moja ya dagaa. Mwaka jana hamkuumizwa na uhaba wa nafasi. Mliumia kwa sababu barua zilikuwa sehemu moja tu.

Nafasi ndiyo faida kubwa ambayo RAID 5 ingewapa zaidi ya RAID 1, ile ya diski mbili pacha ambapo kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Gharama yake sasa. Barua pepe ni kazi ya vipande vidogo vidogo: barua ikiingia linaandikwa faili, mtu akiisoma faili linabadilishwa jina, faharasa nayo inaguswa. Kwenye RAID 5, kwa kila kipande kidogo mfumo husoma data ya zamani, husoma pariti ya zamani (hesabu ya ziada inayotumika kujenga upya data ya diski iliyokufa), ndipo huandika data mpya na pariti mpya. Safari nne kwa kazi ya moja. Umeme ukikatika katikati ya safari hizo, data inaweza kuwa imeshakuwa mpya na pariti imebaki ya zamani, na huenda asijue mtu. Siku diski moja inakufa, mfumo unaitumia pariti hiyo ya uongo kukujengea kilichopotea. Umeme wa kwetu sina haja ya kukusimulia.

Kuna jambo jingine linalonitisha zaidi kwa hizo diski zenu za katoni moja. Moja ikifa kwenye RAID 5 ya nne, ili kujenga mpya lazima zile tatu zilizobaki zisomwe zote mwanzo hadi mwisho, wakati zina umri ule ule, zimetoka kiwanda kile kile, pengine siku ile ile. Kwenye pacha inasomwa moja. Diski ya terabaiti 2 inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde itachukua karibu saa nne kama seva haina kazi nyingine, na mtu akiwa anatafuta barua za mwaka juzi itachukua zaidi. Halafu ukitumia RAID ya Linux yenyewe, mdadm, pacha mmoja unaweza kumchomoa ukamsoma kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye Linux. Kadi za RAID za mitumba sikushauri: kadi ikifa utazunguka maduka ya Mwanza ukitafuta ya modeli ile ile, na barua ziko ndani ya diski nzima kabisa usizoweza kuzisoma.

RAID 10, yaani jozi mbili za pacha zilizounganishwa, ni nzuri, ningeifikiria kama mngekuwa watu mia. RAID 6, yenye pariti mbili, kwa diski nne inakupa nafasi sawa na RAID 10, tena kwa mwendo wa kobe. Achana nazo.

Sasa hili la kusahau bekapu. Jina RAID lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, kwenye andiko la Patterson, Gibson na Katz. Walikuwa wanatafuta namna ya kutumia diski nyingi za bei nafuu badala ya moja kubwa ya bei mbaya, bila moja ikifa kusimamisha kila kitu. Waliwaza kazi isisimame. Barua iliyofutwa haikuwa hoja yao. Bosi wako akifuta kwa bahati mbaya folda la mteja saa nne asubuhi, pacha wa kwanza anafuta, na pacha wa pili anafuta dakika hiyo hiyo kwa utiifu wote. RAID inakununulia saa za kazi. Barua zinatunzwa na bekapu, tena bekapu ambayo seva haiwezi kuigusa.

Msidhani hili ni la ofisi ndogo tu. Februari 2011 watumiaji wa Gmail, kama asilimia 0.02 hivi, waliamka wakakuta masanduku yao matupu. Google walikuwa na nakala kwenye vituo kadhaa, lakini hitilafu ilikuwa kwenye programu yenyewe ya kuhifadhi, ikazipitia nakala hizo. Kilichowarudishia watu barua zao ni tepu, kwa sababu tepu zilikuwa zimekaa pembeni, hazijaunganishwa na kitu.

Diski yako ya nje iliyochomekwa muda wote haijakaa pembeni. Kwanza, kama kila usiku inanakili seva ilivyo, basi kilichofutwa jana na huko kimefutwa. Pili, radi. Wewe unakaa Mwanza, unajua ziwa linavyounguruma usiku. Radi ikipita kwenye waya wa antena ya paani ikaingia swichi ya mtandao, ikaingia seva, haitaiuliza ile diski ya nje kama yenyewe ni bekapu. Na mji wetu umekaa juu ya mawe. Kuna ofisi moja upande wa Capri Point niliwahi kuishika nondo ya ethi, ile inayopeleka umeme wa radi ardhini, nikaivuta kidogo tu kuijaribu, ikatoka mkononi kama mchicha. Fundi alikuwa amefika kwenye mwamba, akaukata urefu uliobaki, akafukia. Mwite fundi umeme mwenye kipimo aipime ethi yenu. Kati ya kifaa cha antena na swichi weka kipande kifupi cha faiba na vigeuzi vyake viwili. Umeme haupiti kwenye kioo. Betri ya UPS badilisha, na ile waya yake ya USB iunganishe na seva ili seva ijizime yenyewe kistaarabu kabla betri haijaisha. Wengi wananunua UPS na waya hiyo inabaki kwenye boksi.

Kabla ya kufunga chochote, soma namba za modeli za hizo diski. Diski nyingi za bei ya chini siku hizi ni za aina ya SMR, zinazopandanisha mistari ya data kama vigae vya paa. Kwa bekapu zinafaa. Ndani ya RAID ni mateso, maana kuandika upya kunakwenda kwa kusuasua na ujenzi wa pacha unaweza kuchukua siku. Kama ndizo, rudisha mbili dukani ubadilishe. Na hata kama siyo, badilisha walau moja upate ya chapa nyingine, ili pacha wako wasiwe wamezaliwa siku moja. Hapo ndipo neno pacha linaponisaliti, lakini umenielewa. Kisha kila diski ipigishe jaribio la kuandika na kusoma sehemu zote, kwa badblocks au programu unayoifahamu, ingali tupu, kwa sababu jaribio hilo linafuta kila kitu. Kwa terabaiti 2 litakula zaidi ya siku moja. Kwa hiyo ile Jumamosi yenu tayari imesogea.

Kugawa ndani. Mfumo wenyewe upe gigabaiti 50. Logi, yaani daftari ambamo seva huandika kila tukio, zipe 20 peke yake. Foleni ya Postfix, barua zinaposubiri kupelekwa, ipe 20 peke yake. Barua zipe zile terabaiti moja na nusu. Zinazobaki, kama 400, usizigawe kabisa. Ziache ndani ya LVM, programu ya Linux ya kugawa nafasi ya diski, utazihitaji kupiga picha ya papo hapo ya barua wakati wa bekapu, na siku sehemu moja ikibana unaiongezea bila kubomoa nyumba. Kutenganisha logi na foleni siyo urembo. Postfix ikiona nafasi ya foleni imepungua chini ya mara moja na nusu ya ukubwa wa barua kubwa inayoruhusiwa, inaacha kupokea barua. Sasa fikiria roboti wa huko duniani anajaribu nywila zako usiku kucha, kila jaribio mstari mmoja kwenye logi. Kama logi na foleni vinalala chumba kimoja, asubuhi ofisi haipokei barua na wewe unatafuta ugonjwa kwenye intaneti.

Sehemu ya barua usiipasue zaidi ya hapo. Kama unatumia Maildir, kila barua faili lake, basi barua huandikwa kwanza kwenye "tmp" kisha huhamishiwa "new", na uhamisho huo unategemea folda zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili. Nimemwona kijana aliyetaka kuwa nadhifu akazitenganisha.

Mambo mawili madogo ya kufunga, yanayosahaulika mno. Mwishoni mwa kila diski acha kama gigabaiti moja bila kuigusa, kwa sababu diski ya chapa nyingine iliyoandikwa terabaiti 2 inaweza kupungua megabaiti chache na ikakataa kuwa pacha. Na kianzishi cha mfumo kiweke kwenye diski zote mbili. Kikiwa kwenye ya kwanza tu, siku diski hiyo ikifa barua zote zitakuwepo salama kwenye ya pili na seva haitawaka. Utatetemeka bure.

Sasa chukua utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito. Kila diski isomeke namba yake ya kiwandani (serial) kwa nje, upande unaouona ukifungua kasha, na namba hizo ziandike pia kwenye daftari: hii iko nafasi ya kwanza, hii ya pili. Nakwambia kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Ofisi moja, miaka ya nyuma, pacha mmoja aliugua. Mfumo ukaniambia mgonjwa ni "sdb", jina ambalo Linux huipa diski. Mimi kwa kujiamini nikachomoa ya pili kutoka juu. Ya pili kutoka juu ndiyo ilikuwa nzima. Seva ikabaki na mgonjwa peke yake, naye akakata roho mkononi mwangu. Tuliponea kwenye bekapu ya Ijumaa, na sikulipwa, wala sikudai.

Mdadm hutuma taarifa diski ikiharibika, lakini kwa kawaida huituma kwa "root", akaunti ya msimamizi, kwenye seva hiyo hiyo, sanduku ambalo hakuna binadamu anayelifungua. Zipo ofisi zilizoishi na pacha mmoja mwaka mzima bila kujua. Taarifa ielekeze kwenye anwani yako iliyo nje ya seva, kisha ijaribu: mdadm ina amri ya kutuma taarifa ya majaribio. Isipofika, ujue na ya kweli isingefika.

Diski ya tatu iache kwenye mfuko wake wa kiwandani, iandike tarehe, ifungie droo. Kwa nini isikae ndani ya seva ikisubiri? Kwa sababu ndani ya seva inazeeka na wenzake, inapigwa na radi ya wenzake, na inavuta vumbi pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuziba feni. Kutoka droo hadi kwenye seva ni dakika 20.

Ya nne na ya tano zipokezane. Moja iko ofisini wiki hii, nyingine iko nyumbani kwako au kwa bosi, na Ijumaa zinabadilishana. Tumia programu inayotunza matoleo, restic au BorgBackup, zote ni za bure: weka siku 7, wiki 4, miezi 12. Hapo bosi akikumbuka mwezi wa nane kwamba alifuta kitu mwezi wa tano, unakitoa. Programu hizo hufunga data kwa nywila, na hilo kwenu ni lazima, kwa sababu diski inapanda daladala. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na majina, namba za pasi na hati za wateja zikipotelea stendi, utetezi wa "nilikuwa napeleka bekapu" hautasikilizwa vizuri. Nywila iandike, itie bahasha, bosi aifungie. Ukiijua wewe tu, siku ukiugua bekapu imeugua na wewe. Na usibebe barua peke yake: beba mipangilio ya Postfix na Dovecot, orodha ya watumiaji, funguo za DKIM (saini zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu). Mara moja kwa mwezi chagua sanduku la mtu mmoja ulirudishe kwenye kompyuta ya pembeni, ulifungue, usome barua mbili tatu.

Seva nzima ikifa, usikurupuke. Barua zinazokuja kutoka nje hazipotei papo hapo. Seva zinazotuma huziweka foleni huko zilikotoka na kwa kawaida hujaribu tena kwa siku nne au tano. Kosa ni kuwasha seva mpya haraka kabla hujarudisha orodha ya watumiaji. Hapo seva yako itajibu kwamba mtu huyo hayupo, na hilo ni jibu la mwisho, mtumaji hajaribu tena. Funga mlango namba 25, ule wa mtandao unaopokelea barua kutoka nje, hadi kila jina liwe limerudi.

Kuhusu bosi. Usimwambie binamu kakosea. Mwambie umepata namna ya kutumia diski zake zote nne, kila moja na kazi yake, na binamu ndiye atakayesaidia kufunga. Akishikilia RAID 5, muulize mbele ya binamu, kwa upole: "Mzee, ukifuta barua ya mteja leo kwa bahati mbaya, kesho ungependa niirudishe?" Mwache binamu ajibu.

Jumamosi hii basi, anzeni majaribio ya diski. Inayofuata mfunge. Na Jumamosi ya tatu, kabla ofisi haijahamia kwenye diski mpya, chomoa pacha mmoja makusudi huku bosi anaangalia, tuma barua, ipokee, washa upya seva ikiwa na diski moja, kisha mrudishe pacha na mtazame asilimia zikipanda mnakunywa chai. Seva yenyewe itoe chini ya meza ya mapokezi. Kuna siku mtu wa usafi atahitaji soketi.